Hilux 3L haiwaki asubuhi mpaka nipampu kwa mkono, na hakuna tone linalovuja. Hewa inaingilia wapi?

Viazi_Makete

Wakuu, salaam. Naombeni msaada wenu kuhusu Hilux pikapu LN106, injini 3L ya cc 2779, umeme wa volti 12, pampu ya nozeli (inayosukuma dizeli kwa presha kwenda kwenye nozeli) ile ya kawaida isiyo na kompyuta. Gari linabeba viazi na mbolea huku Makete, na baridi ya mwezi wa sita na wa saba mnaijua.

Jioni linazimwa likiwa zima kabisa. Asubuhi stata inazungusha kwa nguvu lakini injini haishiki. Kwenye ekzosi hakutoki moshi wowote, hata mweupe. Nikifungua boneti na kubonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta, inakuwa laini kabisa mwanzoni; baada ya mara 30 hadi 40 inakuwa ngumu. Hapo nikipiga stata linawaka, ila linatikisika kama silinda moja haifanyi kazi, linatoa moshi mweupe kwa sekunde 20 hivi, kisha linatulia. Kuanzia hapo siku nzima halisumbui. Likizimwa nusu saa, au saa nzima, linawaka mguso wa kwanza. Likikaa saa tano au sita, shida inarudi.

Jambo jingine: likilala kwenye mteremko pua ikiwa chini, asubuhi linawaka bila kupampu. Likilala pua juu, hali ni mbaya zaidi kuliko kwenye tambarare.

Yaliyofanyika: filta ya dizeli mpya, betri mpya ya N70, hita plagi (za kupasha silinda joto kabla ya kuwasha) zote 4 zilibadilishwa mwaka jana. Nimeweka boksi kavu chini ya injini usiku kucha, hakuna tone. Fundi anasema pampu ya nozeli imekufa, ishushwe ipelekwe kwenye benchi. Gharama yake ni kubwa, ndiyo maana nauliza kwanza. Je, ni pampu kweli?

Fundi_Dizeli_Iringa

Mkuu, usishushe pampu. Umeeleza vizuri mno, na jibu umeshalitaja mwenyewe pale uliposema pua ikiwa chini linawaka.

3L haina pampu ya kusukuma dizeli huko kwenye tangi. Anayevuta ni pampu ndogo ya mapanga iliyo ndani ya pampu ya nozeli, mbele kabisa kwenye injini. Kwa hiyo njia yote kuanzia tangi, bomba la chini ya chesesi, mipira, filta, mpaka boliti ya kuingilia pampu, iko upande wa kuvuta. Tundu la upande wa kusukuma hulowesha. Tundu la upande wa kuvuta halilowi, linapumua. Boksi lako litabaki kavu miaka miwili na hewa inaingia kila usiku. Injini ikizimwa, hewa ikipenyeza juu, dizeli iliyo kwenye filta na bomba inateremka kwa uzito wake kurudi tangini. Pua ikiwa chini, tangi linakuwa juu ya filta, dizeli haina pa kuteremkia. Pua ikiwa juu, inateremka haraka zaidi.

Kuhusu pampu kufa: pampu ya aina hii ikilika ndani husumbua zaidi injini ikiwa ya MOTO, kwa sababu dizeli ya moto ni nyepesi na inapenya kwenye nafasi zilizolika. Gari linawaka asubuhi, linakwenda shambani, likizimwa sokoni saa sita mchana haliwaki mpaka pampu ipoe au imwagiwe maji. Lako ni kinyume chake. Likiwa la moto linawaka mguso wa kwanza. Hiyo ni pampu yenye afya inayonyimwa dizeli.

Na ule moshi usiokuwepo pia unasema kitu. Stata inazunguka, ekzosi haitoi chochote: dizeli haifiki kwenye silinda. Ingekuwa inafika lakini haiungui, ungeona moshi mweupe unaowasha macho, na hapo ndipo tungezungumza hita, kompresheni (mbano wa hewa kwenye silinda) au taimingi (wakati wa dizeli kupulizwa).

Sasa fanya hivi. Nunua mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, kipenyo cha ndani milimita 8 (pima wako kwanza), mita moja yatosha. Kata vipande vya kama sentimita 15. Kipande cha kwanza kiweke kati ya filta na pampu ya nozeli, kipande cha pili kwenye mpira wa marejesho unaotoka kwenye pampu kurudi tangini. Funga kwa klipu za skrubu, si waya wa kufungia uzio. Pampu kwa mkono mpaka iwe ngumu, washa, acha dakika tano ili hewa ya kazi uliyofanya iishe, halafu mtu akanyage mafuta kidogo mpaka mizunguko 2,000 na wewe uangalie. Viputo vikubwa viwili vitatu vya mwanzo ni vya kawaida. Viputo vidogo kama kichwa cha pini, vinavyopita bila kukoma, ndiyo hewa tunayoitafuta.

Jioni ukizima, weka alama ya kalamu kwenye plastiki pale dizeli ilipo. Asubuhi, kabla hujagusa ufunguo, fungua boneti uangalie. Ukikuta plastiki ya kwenye pampu tupu, hamisha kile kipande kiwe kati ya bomba la chuma linalotoka tangini na filta, urudie. Viputo vikionekana kabla ya filta, tatizo liko nyuma: mipira, bomba lililooza kwenye chesesi, au bomba la kuvutia ndani ya tangi. Visipoonekana kabla ya filta lakini vikaonekana baada yake, tatizo ni filta yenyewe na vilivyofungwa juu yake.

Nakuomba jibu la swali moja: shida ilianza kabla ya filta mpya au baada yake?

Makanika_Eldoret

Naunga mkono ya Fundi wa Iringa, lakini ongeza kitu hapo. Kile kipande cha kwenye marejesho ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Hewa inaweza kuingilia kwa juu ya pampu ya nozeli yenyewe, kwenye shafti ya lever ya mafuta, ile inayovutwa na kebo ya pedeli. Kuna oringi ndogo (mpira wa duara wa kuzibia) pale. Gari la miaka 30, ile shafti imecheza maelfu kwa maelfu ya mara, oringi imelika upande mmoja. Injini ikiwa inanguruma, ndani ya pampu kuna presha, kwa hiyo pale panatoa unyevu kidogo wa dizeli unaokusanya vumbi. Ikizimwa, presha inakwisha, panageuka kuwa mlango wa hewa. Huo mlango uko juu kabisa ya mfumo, dizeli yote inashuka.

Kuijaribu: safisha juu ya pampu kwa petroli na brashi, kausha. Washa injini, shika ile lever kwa kidole uisukume pembeni, kushoto na kulia, si mbele na nyuma. Ukiona dizeli inatokeza kwenye shingo ya shafti au injini inabadilisha mlio, oringi imekwisha. Zinauzwa kwa seti ya sili za pampu.

Sili hizi za zamani zimepata shida zaidi tangu Januari 2015, nchi zetu zilipohamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Dizeli hiyo ni nzuri kwa mapafu yetu, lakini usafishaji wake kiwandani hupunguza pia vile viambata vinavyoufanya mpira wa zamani uvimbe na kuziba. Mpira uliokaa miaka mingi kwenye dizeli ya zamani husinyaa. Ndiyo maana pampu nyingi za miaka ya 1990 huanza kutoa jasho bila kuguswa na mtu.

Ukifungua boliti za pampu, angalia sana: boliti ya kuingilia na boliti ya kutokea zinafanana kwa nje. Ya kutokea imeandikwa OUT kichwani na ndani ina kitundu kidogo sana, kinachobana marejesho ili presha ijengeke ndani ya pampu. Zikibadilishana, injini haiwaki au inawaka bila nguvu, na fundi anaanza kulaumu nozeli. Na kila unapozifungua weka washa mpya za shaba, mbili kwa kila boliti. Washa iliyobanwa mara moja haibanani vizuri mara ya pili.

Mama_Pikapu

Msisahau baridi jamani. Makete asubuhi ya mwezi wa saba si Dar. 3L ina kichumba kidogo cha mwako kwenye silinda hedi, hewa iliyobanwa inapoteza joto kwenye kuta zake baridi, kwa hiyo bila hita haishiki kirahisi. Na huko juu hewa yenyewe ni nyembamba, joto la kubanwa linapungua zaidi. Kwamba hita zilibadilishwa mwaka jana haitoshi. Zipime.

Vua ule ukanda wa shaba unaounganisha plagi zote nne. Usipouvua utapima zote kwa pamoja na kudanganywa. Weka mita kwenye omu, mkono mmoja kwenye ncha ya plagi, mwingine kwenye bodi ya injini. Nzima husoma omu ndogo sana, chini ya 1 au zaidi kidogo kulingana na aina. Iliyokufa haisomi kitu. Kama huna mita, chukua balbu ya volti 12 yenye waya mbili: mmoja kwenye pozitivu ya betri, mwingine kwenye ncha ya plagi. Balbu ikiwaka, njia ya ndani ya plagi haijakatika.

Halafu rudisha ukanda, mtu awashe ufunguo injini ikiwa baridi, pima volti kwenye ukanda. Taa ya hita kwenye dashibodi si ushahidi. Ile taa inahesabu muda tu. Inaweza kuwaka na kuzima kila asubuhi wakati rilei (swichi ya umeme wa hita) haipeleki hata volti moja.

Na dukani taja volti. Familia hii ya injini za L imefungwa hita za volti tofauti kulingana na mfumo wa rilei. Zipo zenye rilei mbili zinazotumia plagi za volti 6, zinapashwa kwa nguvu sekunde chache halafu umeme unapunguzwa. Zipo zinazotumia za volti 11 au zaidi. Plagi ya volti 6 ukiifunga kwenye mfumo unaoipa volti 12 moja kwa moja inavimba ncha na kufa kabla ya wakati wake. Ikishavimba haitoki kwenye hedi, au inatoka ncha ikibaki ndani. Plagi ya volti 11 kwenye mfumo wa 6 nayo haipati joto la kutosha, na mwenye gari anasema "hita ni mpya".

Fundi_Dizeli_Iringa

Dada, hapo kwenye taa ya dashibodi umesema kweli tupu. Ila kwa mpangilio naanza na hewa, kwa sababu akipampu linawaka. Hita mbovu haziponywi na pampu ya mkono. Ule mtikisiko wa sekunde 20 ndio unaonipa wasiwasi kwamba kuna hita moja imekufa pia, au ni hewa iliyobaki kwenye bomba la nozeli moja. Tutaona hewa ikiisha.

kijana_wa_gereji

Wazee mbona mnahangaika, apulize ile spreyi ya kuwashia kwenye mdomo wa filta ya hewa, inashika sekunde moja. Baadaye akipata muda atafute hewa.

Makanika_Eldoret

Hapana, mdogo wangu. Kwa injini yenye hita usimfundishe mtu hivyo. Ile spreyi ni etha, inaungua kwa joto dogo sana kuliko dizeli. Hita zikiwa nyekundu inalipuka wakati pistoni bado inapanda. Pistoni inagongwa kichwani ikiwa njiani: zinavunjika ringi, zinapasuka kuta za kati ya ringi, kondrodi inapinda. Kelele ile ya chuma kugongana ambayo watu huifurahia kwa sababu "limeshika" ndiyo sauti ya injini kuumia. Na kwa tatizo la ndugu huyu haisaidii kitu hata ikishika, kwa sababu hakuna dizeli kwenye pampu. Itawaka kwa spreyi sekunde mbili izime, apulize tena.

Akiwa na haraka asubuhi: apampu mpaka iwe ngumu, awashe hita, asubiri taa izime, azime ufunguo, awashe hita mara ya pili, kisha apige stata huku pedeli ikiwa imekanyagwa hadi nusu. Stata isizidi sekunde 15 kwa mara moja, halafu ipumzike dakika nzima. Isiposhika, alegeze nati za mabomba kwenye nozeli mbili, spana namba 17, nusu mzunguko tu, apige stata mpaka dizeli iruke bila povu, afunge. Tambara liwe karibu, na uso na mikono iwe mbali na ile nati wakati stata inazunguka. Dizeli ya presha hiyo inapenya ngozi.

Viazi_Makete

Wakuu, asanteni sana. Nimefanya vipimo siku tatu mfululizo, naleta matokeo.

Filta: kumbukumbu za gereji zinaonyesha ilibadilishwa, na shida ilianza kama wiki mbili baadaye. Sikuwa nimeunganisha mambo hayo mawili.

Plastiki kati ya filta na pampu: viputo vidogo vinapita muda wote kwenye mizunguko 2,000. Asubuhi plastiki ilikuwa tupu, alama ya kalamu iko juu na dizeli haipo. Plastiki ya marejesho: viputo pia, ila asubuhi ilikuwa bado na dizeli. Nilipohamisha kipande kabla ya filta: dizeli safi kama chai ya rangi, hakuna kiputo hata kimoja.

Shingo ya lever ya mafuta: kavu, nimeisukuma pembeni, haitoi kitu.

Stata: betri ikiwa imepumzika 12.6, stata ikizunguka inashuka hadi 10.4.

Hita: plagi ya silinda ya 3 haisomi kitu. Nyingine zinasoma chini ya omu 1. Volti kwenye ukanda 11.3 ufunguo ukiwashwa.

Fundi_Dizeli_Iringa

Safi sana. Umeshajibu swali lako kwa asilimia zote isipokuwa sehemu ya mwisho. Hewa inaingilia kwenye filta au kichwa chake. Betri na stata ziache, 10.4 wakati wa kuzungusha ni nzuri. Ingeshuka chini ya 9.6 ningetaka kuona waya na karboni za stata.

Pale kwenye filta kuna milango minne. Chini kuna sensa ya maji, imefungwa kwa mkono kwenye chupa ya filta na ina oringi. Filta ikibadilishwa sensa hiyo huhamishwa kutoka filta ya zamani kwenda mpya, na wengi huihamisha na oringi ile ile. Pili, kibomba cha kutolea maji kilicho kwenye sensa hiyo hiyo, nacho kina oringi yake ndogo. Tatu, gasketi ya juu ya filta, ambayo ikifungwa ikiwa kavu hukunjika. Nne, pampu ya mkono yenyewe: ndani ina mpira wa kubonyea na vali, mpira ukipasuka hewa inapita kwenye kifuniko.

Maji ya sabuni hayakusaidii hapa, kwa sababu hewa inaingia na si kutoka. Tumia grisi. Injini ikiwa inanguruma na unaona viputo, paka grisi nzito kuzunguka kiungo kimoja, subiri dakika mbili. Viputo visipopungua, futa, nenda kiungo kinachofuata. Anza na sensa ya chini.

Ukitaka kuhakikisha bila kubahatisha, geuza mambo: ufanye upande wa kuvuta uwe na presha. Chukua kidumu safi cha lita 5 chenye dizeli, kiweke juu ya paa la kabini, kiunganishe kwa mpira kwenye njia ya kuingilia filta badala ya bomba la tangi. Usiwashe. Uzito wa dizeli utaisukuma nje pale hewa inapoingilia. Funga karatasi nyeupe kavu kuzunguka filta chini na juu, acha usiku. Asubuhi karatasi itakuonyesha.

Viazi_Makete

Nimefanya ya kidumu. Karatasi ya juu kavu. Ya chini imelowa, doa kama sarafu, upande mmoja tu wa sensa.

Nimeifungua sensa. Oringi imebapa, haina tena umbo la duara, na sehemu moja ina mkato kama uliofanywa na ukucha. Inaonekana ilibanwa kwenye nyuzi za plastiki wakati wa kufunga. Nimeitafuta Njombe mjini, nimepata inayolingana ya mpira wa kustahimili mafuta. Nimeifunga, nimepampu, plastiki haionyeshi kiputo. Usiku umepita, alama ya kalamu iko pale pale. Limewaka ndani ya sekunde mbili, bado linatikisika kama sekunde 8 na moshi mweupe kidogo.

Swali la mwisho: hiyo ya silinda ya 3 naitoaje bila kuvunja, na ninunue za volti ngapi?

Mama_Pikapu

Hongera, kaka. Hizo sekunde 8 na moshi ndiyo silinda ya 3 ikisubiri wenzake wapashe hedi.

Kabla ya kununua, fungua plagi moja nzima na usome kilichoandikwa kwenye mwili wake, ila usiamini moja kwa moja, kwa sababu waliofunga mwaka jana wanaweza kuwa walikosea, na kufa kwa moja ndani ya mwaka kunatia shaka. Pima volti kwenye ukanda tangu sekunde ya kwanza mpaka ya 20. Kama inaanza karibu 11 na baada ya sekunde chache inashuka hadi 5 au 6, hata rilei ya pili ikisikika ikigonga, mfumo wako ni wa plagi za volti 6. Kama inabaki 11 muda wote mpaka rilei ikate, nunua za volti 11. Nunua nne za aina moja. Ukichanganya mbili za mtengenezaji huyu na mbili za yule, zinagawana umeme visivyo sawa.

Kutoa: injini iwe ya moto, hedi ikiwa imetanuka. Jioni yake nyunyizia mafuta ya kulegezea kutu kwenye shingo za plagi, rudia asubuhi. Soketi ndefu namba 12, mpini mfupi. Legeza robo, kaza kidogo, legeza nusu, kaza kidogo. Ikikataa usitumie bomba la kurefusha mpini. Rudisha, washa injini ipate moto tena, nyunyizia, jaribu. Ikilegea nyuzi lakini mwili hautoki, ncha imevimba. Hapo simama. Ukivuta kwa nguvu ncha inakatika na kuanguka kwenye kichumba cha mwako, na injini haipaswi kuzungushwa tena hata mara moja mpaka itolewe. Heri ufungue nozeli ya silinda hiyo uitazame kwa tochi kuliko kubahatisha.

Ukiitoa, iangalie kwa karibu. Ncha nyeusi yenye masizi makavu ni kawaida. Ncha iliyoyeyuka kama mshumaa upande mmoja ina maana nozeli ya silinda ya 3 inamwaga dizeli kwa mkondo badala ya kuipuliza kama ukungu. Nozeli hiyo ipelekwe benchi ya kupimia, la sivyo plagi mpya itakufa kwa ugonjwa ule ule.

Fundi_Dizeli_Iringa

Nyongeza moja, kama hita zote zikiwa mpya na bado linatikisika asubuhi. Pima klirensi (nafasi) ya vali injini ikiwa baridi: za kuingiza 0.20 hadi 0.30, za kutoa 0.40 hadi 0.50 milimita. Vali hizi zikikaa muda mrefu klirensi hupungua, vali haikai sawa kwenye kiti chake, kompresheni inapotea. Baada ya hapo pima kompresheni kwa geji ya dizeli, plagi zote nne zikiwa nje, umeme wa kwenye solenoidi ya kuzimia pampu ukiwa umechomolewa: nzuri ni kilo 32 kwa sentimita ya mraba au zaidi, mwisho wa kuvumilia ni 20, na tofauti kati ya silinda isizidi 5. Geji ya petroli usiiweke hapo, itapasuka.

Ile plastiki uliyoweka itoe, urudishe mpira wa dizeli. Plastiki ikikaa na dizeli na joto la injini inakuwa ngumu kama mfupa na kupasuka kwenye klipu, na utaanza upya kutafuta hewa mahali pale pale.

Viazi_Makete

Nimesoma ukanda: 11.3 inabaki palepale kwa sekunde 17, kisha rilei inakata. Haishuki. Plagi zilizomo zimeandikwa volti 6. Nimeagiza nne za 11, na nimenyunyizia mafuta ya kutu jioni hii.

Mama_Pikapu

Basi mpaka plagi mpya zifike, chomoa waya mkubwa unaoingia kwenye ukanda, ufunge ncha yake kwa tepu ya umeme isiguse bodi. Hizo tatu zilizobaki za volti 6 usizipe tena umeme wa 11 hata asubuhi moja, ili zitoke zikiwa bado hazijavimba. Siku hizi mbili tatu lipaki pua ikiwa chini na ulisukume lishike kwenye mteremko kwa gia ya pili.